Kabla hujaja kusaidia kambi ya watoto, soma hii kwanza

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia wasap yangu inajaa, na meseji karibu zote ni ile ile, "dada naomba nafasi ya kujitolea kambini mwaka huu, napenda sana watoto". Nazifurahia kwa kweli, maana kambi yetu haina mwajiriwa hata mmoja, kuanzia akina mama wa jikoni mpaka nesi wote wanajitolea, bila hizo meseji hakuna kambi. Ila kuna jambo linajirudia kila mwaka na linaniumiza, mtu anafika siku ya kwanza na gitaa na filimbi na michezo mipya, amejiandaa vizuri kabisa, usiku wa pili anaulizia daladala ya mwisho kushuka mjini. Na wala sio mvivu, hakuna aliyekaa naye akamwambia kazi yenyewe ikoje, alijua anakuja kuchezesha watoto basi. Sasa mwaka huu naandika kila kitu, ni ndefu, naomba uisome yote ndio unitafute.

Kwa ambao hawatujui, sisi tunachukua watoto wa miaka 6 hadi 14, wengi wanatoka mitaa ya chini hapa Moshi, Pasua, Njoro, Majengo, Bomambuzi, na wachache huwa wanaletwa kutoka Arusha. Tunakaa nao kuanzia jumatatu mpaka jumamosi kwenye shule moja ya bweni huku juu njia ya Kibosho, wanafunzi wakiwa wameenda kwao mabweni yanakuwa wazi. Wengi wa hawa watoto wanauona mlima Kilimanjaro kila asubuhi tangu wazaliwe lakini hawajawahi kupanda kuja huku kwenye migomba na kahawa, kwa hiyo kwao ni safari kubwa, na baridi ya mwezi wa sita huku juu hawaijui kabisa.

Sasa kazi. Mtu akiniuliza mlezi wa kambi anafanya nini namjibu anahesabu watoto, na wengi wanadhani natania. Unapewa watoto wako, wadogo wa miaka 6 hadi 8 tunampa mlezi mmoja watoto sita, wakubwa kidogo wanane, na kuanzia hapo wewe ndiye mtu pekee kambi nzima unayetakiwa kujua muda wowote hao watoto wako wapi na wana hali gani. Unawahesabu wakiamka, kabla ya uji, mkitoka getini, mkifika mnakokwenda, kabla ya kugeuza kurudi, mkirudi, baada ya chakula cha usiku, na wakishalala unapita na tochi unahesabu tena. Na usihesabu vichwa, ita majina, kila mtoto aitike mwenyewe. Hii naisisitiza sana kwa sababu watoto wanahamahama, wa kundi lingine anakuja kukaa na binamu yake kwenye kundi lako, ukihesabu vichwa unapata nane zako zimetimia na moyo unatulia, kumbe wa kwako mmoja amebaki nyuma chooni analia mlango umemgomea.

Haya makundi madogo hatujayabuni sisi. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwa cha Brownsea kule Uingereza mwaka 1907 alikuwa na wavulana kama ishirini hivi tu, na bado aliwagawa vikundi vinne kila kimoja na kiongozi wake. (Huyo mzee kaburi lake liko hapo Nyeri, Kenya, alifariki 1941, watu wengi wa huku hawajui kama tumekaa naye jirani hivyo.) Ishirini tu na akaona ni wengi kwa jicho moja. Kwa hiyo ukiona tunakukatalia ukitaka kuunganisha kundi lako na la rafiki yako ili mpige stori vizuri, ujue sababu ni hiyo.

Maji ndio yananinyima usingizi mimi. Kila mwaka watoto wanaomba twende kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, wamesikia kwa kaka zao, na kila mwaka kuna mlezi mmoja anawaunga mkono. Hatuendi Chemka. Kule Kikuletwa maji ni mazuri kuangalia lakini yana kina, na mtoto asiyejua kuogelea huwezi kumtofautisha na anayecheza mpaka umechelewa, mtoto anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani, anapambana kupata pumzi, sauti haipo, anaweza kuzama hatua tatu kutoka ulipo wewe unaongea na simu. Na hata huku juu kuna mito imekaa kwenye makorongo na kuna mifereji, ile mifongo waliyochimba wazee wa Kichagga zamani kupeleka maji mashambani, mtoto wa mjini akiiona anataka kuruka huku na huku, na kingo zikilowa zinateleza. Tukipita karibu na maji, mlezi mmoja kazi yake siku hiyo ni kuangalia maji tu. Hapigi picha, hachezi, hashiki simu, hambebi mtoto mwingine mgongoni. Akichoka anabadilishwa, anamwambia mwenzake kwa mdomo "sasa ni wewe", na mwenzake akishajibu ndipo yeye anaondoka. Wageni wanaona kama tunazidisha. Tutaendelea kuzidisha.

Usiku sasa. Yaani kama kuna sehemu moja ambayo natamani kila anayetaka kujitolea aijue ni usiku. Mchana ni rahisi jamani, watoto wana rede, wana kombolela, wana mpira, wanajiendesha wenyewe. Taa zikizimwa ndio mtoto wa miaka saba anakumbuka kwamba hajawahi kulala mbali na mama yake. Mmoja akianza kulia bweni zima linafuata, nimeshuhudia mara nyingi. Hapo ndipo walezi wapya wanaharibu kwa nia njema kabisa, anamwambia mtoto "nyamaza, mama atakuja kesho". Mama haji kesho, anakuja jumamosi. Kesho jioni mtoto anakukumbusha na kuanzia hapo hakuamini tena hata ukimwambia uji uko tayari. Mwambie ukweli, mama anakuja jumamosi, leo ni jumatatu, mimi nalala kitanda kile pale karibu na mlango, ukiamka niite. Mpe maji, kaa pembeni yake, muulize nyumbani kwao kuna nani na nani, mbwa wao anaitwaje, mdogo wake anajua kutembea tayari? Akishaanza kuhadithia anasinzia katikati. Itakuchukua nusu saa na wewe umechoka na miguu imepoa, lakini ndio kazi uliyoijia.

Na kuna wanaojikojolea. Hili liko kila kambi, mpaka watoto wa miaka kumi na zaidi, na baridi na ugeni wa mahali vinaongeza. Mtoto akichekwa kwa hilo siku ya pili kambi yake imeishia hapo, hatacheza, hatakula, atakaa pembeni mpaka jumamosi. Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri mnaamsha watoto wa bweni zima kwenda chooni, wote, sio wale wawili tu ambao wazazi wameandika kwenye fomu. Kila godoro linatandikwa mpira wa kuzuia mkojo juu, sio ya wachache tu. Asubuhi magodoro yote yanatolewa nje yaanikwe, yote, makavu na mabichi. Shuka zilizolowa mlezi anaziondoa mwenyewe kabla wengine hawajaamka na anazipeleka kufua bila kutaja jina la mtu, hata kwa walezi wenzake. Huo utaratibu alituletea mama mmoja wa jikoni ambaye amelea watoto na wajukuu, mpaka leo naona hakuna semina ingetufundisha vizuri kuliko vile.

Lingine, na hili halina mjadala hata kama wewe ni mchungaji au ustadhi au mwalimu wa miaka mingi. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali ambapo hawaonekani. Ukitaka kuongea na mtoto faragha, kaeni kwenye benchi la uwanjani watu wawaone hata kama hawawasikii. Mtoto akiumwa usiku unamwamsha mlezi mwenzako mnampeleka wote kwa nesi. Wadogo wakisaidiwa kuoga, wawepo walezi wawili, wasichana wanasaidiwa na akina dada. Hakuna mlezi kulala kitanda kimoja na mtoto, hata akilia. Huombi namba ya simu ya mtoto, humpi zawadi ya siri, hujipangii kumtembelea kwao baada ya kambi bila mzazi kujua na bila sisi kujua. Kuna kaka mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira kama tunamuona mhalifu. Nilimjibu kwamba sheria hiyo inanibana na mimi pia, na mtu mwenye nia safi haimpunguzii kitu, ila mwenye nia mbaya inamfungia mlango. Alibaki, na mpaka leo ni mmoja wa walezi ninaowategemea.

Afu itatokea, sio kila mwaka lakini itatokea, mtoto akakwambia jambo zito. Wanaongea sana huku, labda kwa sababu wako mbali na nyumbani, mara mtoto anakuhadithia mnaosha vyombo kwenye karo anasema kitu anachofanyiwa na mjomba, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaongelea mpira. Msikilize. Usishtuke mbele yake, usimhoji kama polisi, usimwambie "una uhakika?". Akikuambia usimwambie mtu, usimuahidi hivyo, mwambie yapo mambo ambayo lazima niwaambie watu wanaoweza kukusaidia, na umefanya vizuri kuniambia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo, mletee kiongozi wa kambi. Usimpigie mzazi simu kugombana naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azitoe kwenye serikali ya eneo lake, kwa hiyo hatuna hiari hapo. Sisi tunaenda kwa afisa ustawi wa jamii, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Hiyo namba iandike kabisa kwenye simu yako hata kama huji kambini.

Dawa. Acha panadol zako nyumbani. Najua kila mtu ana kipaketi kwenye begi, lakini kambini dawa zinatolewa na nesi tu na zinaandikwa kwenye daftari, jina, saa, kiasi. Mtoto akiwa na homa hatuanzi kubuni, anapimwa malaria, maana mbu aliyemuuma Pasua wiki moja au mbili zilizopita homa yake inaweza kutokea akiwa Kibosho. Wewe mlezi unachotakiwa kujua ni yaliyo kwenye fomu za watoto wako, na uyajue kwa kichwa. Mwenye pumu, ile pampu yake inakaa wapi. Mwenye selimundu (sikoseli), huyo baridi ni adui yake na kukosa maji pia, maumivu yanaweza kumuanza, kwa hiyo sweta na soksi zake ni jukumu lako, anywe maji hata kama hana kiu, na wenzake wakimwagiana maji ya baridi yeye hayumo, tena mtafutie la kufanya lenye hadhi, awe refa, awe mtunza muda, asikae pembeni kama aliyeadhibiwa. Mwenye kifafa akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, ikizidi dakika tano ni hospitali. Na povu haliambukizi, naomba sana hilo tulimalize, maana nimeona watu wazima wakirudi nyuma mtoto akiwa chini peke yake.

Adhabu ni fupi. Hakuna kiboko, hakuna kofi, hakuna kichura, hakuna kupigishwa magoti juani, hakuna kunyimwa chakula. Shuleni wana kanuni zao, huku hatupigi. Mtoto akisumbua unakaa naye, mara nyingi ana njaa au amechoka au kuna mtu kamtania. Ukishindwa umlete kwa kiongozi, kushindwa kunaruhusiwa, kupiga hakuruhusiwi na ukipiga unaondoka siku hiyo hiyo.

Picha. Kuna mtu mmoja wa kambi anapiga picha, za watoto ambao wazazi wamesaini fomu tu. Wewe simu yako inakaa ofisini ukiwa zamu. Selfi na watoto kwenye status hapana, na hasa zile za mtoto amechafuka au analia au anakula kwa mkono ili watu wamuonee huruma, hizo zinaniuma moyo kweli. Huyo mtoto atakuwa mkubwa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata isingekuwepo jiulize tu kama ungependa mwanao arushwe hivyo. Hili nawaambia pia wageni, maana Moshi na Arusha zimejaa volontia kutoka nje na wengi wana moyo mzuri, ila huwezi kushuka uwanja wa ndege KIA jumapili na jumatatu umebeba mtoto wa watu mgongoni. Kujitolea kunahitaji kibali chake, viza ya utalii haitoshi, na mgeni anapita mchujo ule ule anaopita kijana wa Majengo. Na asiyejua Kiswahili hatumpi kundi peke yake, mtoto akisema tumbo linauma saa nane usiku lazima aeleweke.

Chakula tunapika cha kawaida, makande, ugali na maharage, wali, ndizi, siku moja nyama. Nguruwe haingii jikoni kwetu na anayechinja ni Muislamu, watoto wa dini zote wanakula sufuria moja. Wakati wa kusali kila mtoto anapewa nafasi yake, wewe hujaja kumbadilisha mtu dini. Akina mama wa jikoni unawasalimia shikamoo kila asubuhi hata kama una digrii, na huwatumi, unawaomba. Mlezi anakula baada ya watoto wake wote kupata, na kabla ya hapo umesimama pale kwenye kibuyu chirizi unahakikisha wamenawa kwa sabuni, maana tumbo la kuhara likiingia bweni moja kambi nzima imeisha.

Posho. Naulizwa sana kwa hiyo nasema wazi, haipo. Chakula, malazi na nauli ya kupanda na kushuka, basi. Simlaumu anayehitaji posho, maisha ni magumu, lakini ni bora ujue sasa hivi kuliko kujua jumatano ukakata tamaa katikati. Na ukikubali umekubali siku zote na usiku zote, hakuna kushuka mjini kuangalia mechi, hakuna pombe wala sigara kuanzia geti mpaka geti, mbege ya jirani pia ni pombe. Mlezi mmoja akiondoka watoto wake sita wanagawiwa kwa wengine na hesabu niliyoisema pale juu inavurugika yote.

Uje na blanketi zito, koti, tochi yenye betri mpya, raba na ndala, nguo za heshima za kuinama na kukimbia. Uje pia na nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa wako, na majina ya watu wawili wasio ndugu zako ambao tutawapigia, na tunawapigia kweli. Uwe umefikisha miaka 18.

Kama umesoma ukaona usiku huwezi, una mtoto mdogo nyumbani au kazi, usijitoe moja kwa moja. Tunahitaji watu wa mchana, wa kusomba maji, kuchambua maharage, kufua zile shuka, kushona vifungo, kukaa getini na daftari la wanaoingia na kutoka. Huyo wa getini mwaka juzi tulimkosa kabisa na viongozi tulikuwa tunapokezana huku kazi nyingine zinalala. Fundi bomba akijitokeza nitashukuru sana, mabomba ya bafu la wasichana yanavuja.

Mafunzo ni jumamosi mbili kabla ya kambi, saa tatu asubuhi, na aliyekosa zote mbili hatumpokei hata tuwe tunamjua vipi. Nauli ya kuja mafunzo kila mtu anajitegemea, uji na maandazi tunatoa sisi.